Vermont: Msitu Uliorudi na Madaraja Yenye Paa

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, barabara za mashambani za jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hufurika magari. Watu hutoka Boston na New York kwenda kutazama majani kabla hayajapukutika. Wengi hudhani wanautazama msitu wa tangu na tangu. Sivyo. Katikati ya karne ya 19 sehemu kubwa ya milima ya jimbo hilo ilikuwa kipara, na uzuri wake wa leo una historia ya watu ndani yake.

Chanzo ni kondoo. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Lisbon, alileta kondoo wa merino katika shamba lake la Weathersfield. Sufu yao laini ilipata soko, na wakulima wakafyeka misitu wakipanda nayo mlimani kutafuta malisho. Kufikia 1840 Vermont ilikuwa na kondoo karibu 1,700,000, ilhali watu hawakufika 300,000. Mvua ikakokota udongo hadi mitoni. Kisha Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, na reli zilizofuata zikaleta ushindani wa mashamba mapana ya magharibi. Bei ya sufu ikaanguka, familia nyingi zikahama, msitu ukarejea. Leo umefunika takriban robo tatu ya jimbo. Anayeingia ndani yake hukuta kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono zikikatiza katikati ya miti, mahali pasipo nyumba wala mfugo. Ni mipaka ya malisho ya zamani.

Mji mdogo wa Woodstock ndio unaoisimulia vizuri zaidi habari hii. Hapo alizaliwa George Perkins Marsh mwaka 1801. Aliiona milima ya kwao ikivuliwa miti, na mwaka 1847 akawaonya wakulima waliokusanyika Rutland. Baadaye, akiwa mwanadiplomasia katika nchi za Mediterania, aliona ardhi iliyochakazwa kwa karne nyingi, na mwaka 1864 akachapisha kitabu chake *Man and Nature*. Frederick Billings, mwanasheria aliyetajirikia California, alinunua shamba la familia ya Marsh mwaka 1869 na kuanza kupanda miti kwenye miteremko iliyoishiwa miti. Njia za magari ya farasi alizochonga katika Mlima Tom zingali zinapitika kwa miguu, na kutoka juu mji wote huonekana.

Majira ya majani yakifika, miti ya meple, ambayo utomvu wake hupikwa kuwa shira, huwa imewaka rangi. Siku zikifupika, kijani cha jani huvunjika. Manjano iliyojificha hujitokeza, na wekundu hutengenezwa kutokana na sukari iliyosalia ndani ya jani.

Karibu na Woodstock kuna daraja la Taftsville, la mwaka 1836. Madaraja ya mbao yaliezekwa paa ili mvua na theluji zisiozeshe mbao zinazobeba uzito. Wakati wa baridi, wenyeji walichota theluji na kuitandaza ndani ya daraja ili sleji zipate kuteleza. Mafuriko ya Novemba 1927 yalibomoa madaraja zaidi ya 1,200 jimboni na kuua watu 84. Yenye paa yaliyosalia, zaidi ya 100, yametunzwa kwa jitihada. Daraja la Taftsville lilipoharibiwa na kimbunga Irene mwaka 2011, lilikarabatiwa na kufunguliwa tena 2013.

Hata mandhari ya barabarani yamelindwa: mwaka 1968 Vermont ilipitisha sheria ya kuondoa mabango ya biashara kando ya barabara zake.

Burlington na Winooski, miji ya jimbo hilohilo, ina wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wenye asili ya Kongo. Kwenu mnaoishi huko, Woodstock ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Nendeni Oktoba, mwende na watoto, na muwaonyeshe zile kuta za mawe kabla ya majani. Wajue kwamba ardhi iliyoharibiwa inaweza kupona, lakini udongo uliokwenda na maji haurudi kwa umri wa mtu mmoja. Kuuhifadhi msitu uliopo ni nafuu kuliko kuungojea urudi.