KANISA NI NINI, NA NANI ANALIONGOZA?
Historia fupi kutoka Bukirasazi hadi kambini



Kamati ya Jamii ilipotuomba sisi walimu tuandike ukurasa wa historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, tulidhani tutaandika habari za shule. Lakini swali lililotusumbua sote halikutoka darasani. Lilitoka chini ya hema la ibada, nalo lilihusu daftari.

Wengi wenu mnakijua kisa hicho. Mzee aliyetunza daftari la ubatizo na ndoa tangu mwaka 2015 alijiandikisha kurudi nyumbani. Waumini wakagawanyika. Wengine walisema daftari ni mali ya kanisa, na kanisa linabaki hapa. Wengine walisema daftari lipelekwe kwa padre wa parokia huko nyumbani, maana mlei hana mamlaka juu yake. Wengine tena walimwambia mzee usoni kwamba daftari si lake na hakuna aliyemchagua. Watu waliogawana unga wa mgao kwa miaka mingi wakapitana njiani bila kusalimiana.

Jambo hilo si dogo. Mtoto aliyebatizwa hapa anahitaji kuthibitisha ubatizo wake huko aendako. Mjane aliyefunga ndoa hapa anahitaji kuonyesha kwamba alikuwa mke halali. Kwa mkimbizi, mstari mmoja katika daftari unaweza kuwa ndio ushahidi pekee kwamba jambo fulani lilitokea.

Chini ya swali la daftari lipo swali lingine kubwa zaidi: kanisa ni nini? Ni askofu na padre? Ni jengo? Ni watu waliokusanyika? Na nani ana haki ya kuamua? Sisi tuliotoka Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, pamoja na wenzetu wa Muyinga, tumeona ni vema kutazama nyuma kabla ya kujibu.

1. Mamlaka kutoka juu

Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa White Fathers, ni shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Walifika Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Mwaka 1881 waliuawa huko, na kazi ikasimama. Walirudi baadaye kwa njia nyingine: misheni ya Muyaga ilianzishwa mwaka 1898, na ya Mugera mwaka 1899. Mugera iko katika nchi ya Gitega, na hadi leo mahujaji hupanda huko kila tarehe 15 Agosti.

Kanisa hilo lilikuja na utaratibu wake kamili. Papa yuko Roma, chini yake yuko askofu, chini ya askofu padre, na chini ya padre katekista. Mwaka 1922 Urundi ikawa vikariati ya peke yake, na Monsinyori Julien Gorju akawa kiongozi wake wa kwanza. Katika miaka ya 1930 watu walibatizwa kwa maelfu, machifu wakitangulia na raia wakifuata. Lakini uongozi wa juu ulibaki mikononi mwa Wazungu kwa muda mrefu. Ilikuwa mwaka 1959, miaka 80 baada ya Rumonge, ndipo Michel Ntuyahaga alipokuwa askofu wa kwanza Mrundi. Mwaka huohuo Gitega ikawa makao ya askofu mkuu. Jimbo la Muyinga lilifuata mwaka 1968.

Tusisahau jambo moja. Padre mmoja alikuwa na vilima vingi, naye alifika mara chache. Aliyeketi na watu kila siku, akawafundisha sala, akawazika wafu na kuwapatanisha wagomvi, alikuwa katekista. Katika vitabu aliandikwa kuwa msaidizi. Kilimani, watu walimwona yeye kuwa ndiye kanisa.

2. Majibu mengine ya swali hilohilo

Waprotestanti wa kwanza waliodumu kwa muda walikuwa Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, waliofika mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Baadaye walikuja Wabaptisti kutoka Denmark mwaka 1928, Marafiki kutoka Marekani waliojenga Kibimba, si mbali na Gitega, mwaka 1934, na Wamethodisti Huru waliojenga Muyebe mwaka 1935. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1930 walifika pia Waanglikana, waliojenga Buhiga na Matana, na Wapentekoste wa Sweden, waliojenga Kiremba ya kusini.

Kwa hiyo, ndani ya miaka isiyozidi kumi, Mrundi alikutana na majibu mengi kuhusu uongozi wa kanisa. Mwanglikana alisema: kanisa lina askofu, lakini Papa hana mamlaka juu yake. Mbaptisti na Mpentekoste walisema: kanisa ni washirika wa mahali pamoja walioamini na kubatizwa, nao wanajitawala. Mmethodisti alisema: kanisa huongozwa na mkutano mkuu wa wachungaji na walei wanaoketi pamoja. Rafiki alisema: tusipige kura, tungojee kimya mpaka nia zetu zipatane.

Hilo la mwisho halikuwa geni kwa wazee wetu. Bashingantahe wa kilima nao walisikiliza kila upande kabla ya kukata neno, na mshingantahe hakujiweka mwenyewe: alitazamwa kwa muda mrefu na jirani zake, kisha akaapishwa mbele ya watu wote. Mzee wetu mmoja hupenda kusema kwamba wamisionari walileta Injili, lakini baraza walilikuta.

3. Serikali inapoamua kanisa ni lipi

Ndugu zetu Wakongomani tunaoishi nao hapa wana historia yao. Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti ya nchi yao yaliunganishwa kuwa Kanisa la Kristo, na kila dhehebu likawa jumuiya ndani yake. Ndiyo maana mpaka leo wanataja jumuiya zao kwa namba, kama vile ya 5 CELPA na ya 8 CEPAC. Kisha sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ikatambua Wakatoliki, Waprotestanti wa muungano huo, na Wakimbangu. Kikundi kilichokuwa nje kilipaswa kutafuta mlango wa kuingilia, au kufungwa.

Hata hivyo, nchi hiyohiyo ilitupa mfano mwema. Mwaka 1975, mjini Kinshasa, Kardinali Malula aliwaweka walei kuwa viongozi wa parokia. Waliitwa bakambi. Walikuwa watu wenye ndoa na kazi zao, nao waliongoza parokia huku padre akibaki na kazi ya sakramenti. Kardinali hakuvunja utaratibu wa Kanisa. Alifuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa ulizungumza kwanza habari za taifa zima la Mungu, ndipo ukazungumza habari za maaskofu. Mpangilio huo wa sura una maana yake.

4. Miaka ya Bagaza

Kwetu Burundi, jaribio lilikuja chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia mwaka 1976 hadi 1987. Wamisionari walifukuzwa kwa mamia. Ibada za siku za kazi zilibanwa. Shule za Yaga Mukama, ambamo watoto wa maskini walijifunza dini pamoja na kusoma na kuandika Kirundi, zilipigwa marufuku. Vilevile zilikatazwa Inama Sahwanya, yaani mikutano ya Wakristo wa kilima kimoja walioketi pamoja kusali, kusaidiana na kusuluhishana.

Tujiulize: kwa nini serikali yenye jeshi iliogopa wakulima kumi au ishirini walioketi nyumbani kwa jirani? Kwa maoni yetu, iliogopa kwa sababu mikutano hiyo haikuhitaji ruhusa ya mkubwa yeyote. Unaweza kumfukuza padre mgeni kwa ndege. Huwezi kuwafukuza watu wa kilima kizima.

Wazazi wetu pale Bukirasazi walitusimulia jinsi walivyosali nyumbani jioni kwa sauti ya chini, mtoto mmoja akiwekwa nje aangalie njia. Hapakuwa na padre wala kengele. Je, hilo halikuwa kanisa? Lakini wazazi haohao walitusimulia pia furaha yao baada ya mabadiliko ya Septemba 1987, walipoweza kwenda parokiani hadharani na kukomunika. Hawakusema kwamba sasa hawamhitaji padre. Walikuwa wamemngojea.

5. Jambo linaloumiza

Tungependa historia yetu iishie hapo, lakini mwalimu hana ruhusa ya kuchana kurasa. Mwaka 1972 na mwaka 1993 watu waliobatizwa waliwaua watu waliobatizwa. Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, aliuawa Gitega mwezi Mei 1972 pamoja na wengine wengi. Mwezi Oktoba 1993 wanafunzi wa Kibimba walichomwa moto. Waliofanya mambo hayo walijua sala zilezile tulizofundishwa sisi. Kanisa lilikuwa na maaskofu, mapadre, wachungaji, madaftari yaliyojaa majina, na bado ndugu alimgeuka ndugu. Utaratibu mzuri wa uongozi, peke yake, hautoshi.

Lakini wapo waliosimama. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega alilaani mauaji bila kujali yametoka upande gani, na tarehe 9 Septemba 1996 akauawa njiani. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta huko Bururi, vijana waliamriwa wajitenge Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Arobaini waliuawa. Katika saa ile hapakuwa na nafasi ya kumwuliza askofu wala kuitisha mkutano. Vijana wale walitoa jibu lao la swali letu: kanisa ni watu wanaokataa kutenganishwa.

6. Hapa kambini

Sisi tuliofika mwaka 2015, wengi wetu kupitia Kagunga na meli ya Liemba hadi Kigoma, hatukuja na askofu wala jengo. Tulikuja na wazee, akina mama wa kwaya, na makatekista waliobeba rozari na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Padre na wachungaji walipokuja kututembelea, walitukuta tayari tumepangwa, wagonjwa wanajulikana, na yatima wamepata walezi. Nani aliyafanya hayo? Watu ambao vitabuni bado ni wasaidizi.

Basi, daftari liliishaje? Wazee wa Kamati waliwaita wote, wakasikiliza kila upande kwa siku mbili, bila kupiga kura. Mwishoni kila upande ulikubali kwamba una neno la kweli, ila halikuwa neno zima. Daftari la sakramenti kwa utaratibu wa Kanisa ni la parokia. Kwa hiyo lile la asili liende na mzee, akalikabidhi kwa padre mbele ya mashahidi. Lakini majina ni ya watu, na watu wengine wako hapa. Kwa hiyo nakala ibaki. Walimu watano tulinakili kurasa zote kwa mkono, mstari kwa mstari, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Nakala imewekwa katika sanduku la Kamati lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja anao katekista, wa pili anao mama wa kwaya, wa tatu anao katibu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Siku ya mwisho, yule aliyemwambia mzee kwamba hakuchaguliwa na mtu alisimama akamwomba radhi. Mzee alijibu kwamba ni kweli, hakuchaguliwa: siku ile ya mwaka 2015 palikuwa na mtoto wa kuandikwa, na yeye ndiye aliyekuwa na kalamu.

Ndugu zetu Wapentekoste na Waanglikana wamekwisha kuomba tuwasaidie kunakili madaftari yao pia. Tumekubali. Anayejua kuandika vizuri na aje na kalamu yake, Jumamosi baada ya vipindi, katika darasa la sita.

Kwa wanaorudi na kwa wanaobaki, Mungu awatangulie.