Kutoka Katwe hadi Bwera: historia ya mkuki milimani Rwenzori

Filamu za maninja zimewaaminisha wengi kwamba nyota ya chuma ya Kijapani, shuriken, ilikuwa silaha ya kuua papo hapo. Sivyo. Ilikuwa chuma chepesi, mara nyingine kijiti chenye ncha tu, cha kumshtua adui ili mrushaji apate nafasi ya kuchomoa upanga au kutoroka. Afrika ilikuwa na silaha za kurusha zilizotegemewa zaidi vitani, na historia ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, haiwezi kusimuliwa bila mojawapo.

Kaskazini-mashariki mwa Kongo, Wazande walifua kpinga, kisu chenye makali yaliyochomoza pande kadhaa. Kikirushwa huzunguka hewani, hivyo upande wowote utakaomfikia adui utamjeruhi. Mpiganaji alibeba visu kadhaa nyuma ya ngao. Kwa Wakonzo wa milima ya Rwenzori wilayani Kasese silaha kuu ilikuwa mkuki. Huo hauhitaji chuma kingi: ncha peke yake ni kazi ya mhunzi, mpini ni mti.

Chuma kilikwenda sambamba na chumvi. Wafanyabiashara walifika Ziwa Katwe, wilayani humo, kubadilisha majembe na bidhaa nyingine kwa chumvi, na ndiyo sababu falme za Bunyoro na Toro ziligombea eneo hilo. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard wa Uingereza alijenga ngome Katwe na kumrudisha Kasagama kwenye kiti cha enzi cha Toro. Wakonzo wakajikuta chini ya Toro iliyoungwa mkono na Waingereza. Waliasi, na mwaka 1921 viongozi wao Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli waliuawa na serikali ya kikoloni.

Malalamiko hayakuzikwa nao. Mwaka 1962, Uganda ikikaribia uhuru, mwalimu Isaya Mukirane aliongoza vuguvugu la Rwenzururu kujitenga na Toro. Wafuasi wake walipanda milimani na mikuki, pinde na mapanga, huku serikali ikiwa na bunduki. Walidumu miaka 20, kwa msaada wa miteremko mikali na wanakijiji waliowalisha. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi uongozi akiwa bado kijana. Agosti 1982 Mumbere alishuka na wapiganaji wake, wakakabidhi silaha.

Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu, uliotokana na vuguvugu hilo, mwaka 2009. Novemba 2016 vikosi vya usalama vilivamia ikulu ya ufalme huo mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo walinzi wa kifalme ambao wengi walikuwa na silaha za jadi.

Bwera nayo imeuona upande mwingine wa chuma. Juni 2023 waasi wa Allied Democratic Forces (ADF) waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, jirani na Bwera, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, kwa moto, risasi na mapanga. Panga ni kifaa cha kila shamba. Hapa liligeuzwa silaha dhidi ya watoto.

Wanaoutukuza mkuki wakumbuke hesabu hii: miaka 20 ya vita haikuupatia ufalme kutambuliwa. Ulitambuliwa miaka 27 baada ya silaha kukabidhiwa, kwa njia ya mazungumzo.