Vijiko vya fedha vya kale: Chapa ndogo zinazoamua thamani

KATIKA biashara ya vitu vya kale nchini Uingereza, vijiko viwili vinaweza kulazwa juu ya meza moja vikafanana kwa urefu, kwa umbo na hata kwa mng'aro, lakini kimoja kikauzwa kwa bei ya mlo wa mchana na kingine kwa bei inayozidi mshahara wa mwezi mzima.

Tofauti hiyo kwa kawaida imo katika alama nne au tano, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, zilizogongwa mgongoni mwa mpini. Asiyejua kuzisoma hununua kwa macho, na macho katika biashara hii ni shahidi dhaifu.

Fedha inayozungumziwa hapa ni madini, wala si pesa, ingawa kwa Kiswahili jina ni moja na historia yenyewe haikuvitenganisha sana vitu hivyo viwili. Kwa karne nyingi sarafu na vijiko vilitoka katika chungu kimoja cha sonara, na mwenye nyumba aliyeishiwa aliweza kuvirudisha vijiko vyake chunguni vikawa sarafu tena.

Kwa kuwa fedha tupu ni laini mno kwa matumizi ya mezani, masonara huichanganya na madini mengine, hasa shaba. Kiwango cha Uingereza kiitwacho sterling kinadai kwamba katika kila sehemu 1,000 za mchanganyiko huo, 925 ziwe fedha. Mwaka 1300, wakati wa utawala wa Mfalme Edward wa Kwanza, sheria iliamuru vyombo vya fedha vifikie kiwango hicho na vigongwe chapa ya kichwa cha chui.

Alama nyingine zilifuata kwa awamu. Mwaka 1363 kila fundi alitakiwa kuwa na alama yake mwenyewe. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi ya mwaka, ili chombo kikigundulika kuwa na fedha pungufu, aliyekipima ajulikane na kuwajibishwa. Mwaka 1544 akaja simba anayetembea, ambaye hadi leo ndiye ishara ya sterling kwa fedha iliyopimwa Uingereza.

Herufi hiyo ya mwaka, iliyokusudiwa kuwabana wapimaji, ndiyo inayomwezesha mkusanyaji wa leo kukitaja kijiko chake mwaka kilipopimwa. Vyombo vya kale vya nchi nyingi za Ulaya havisomeki kwa wepesi wa namna hiyo.

Kila ofisi ya upimaji ilikuwa na nembo yake. London ilitumia kichwa cha chui na Edinburgh ngome. Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zake mwaka 1773, ya kwanza ikachukua nanga na ya pili taji. Sheffield iliacha taji na kuchukua ua la waridi mwaka 1975. Ofisi za Exeter, Newcastle, Chester na Glasgow zilikwisha fungwa, na alama zake huwavutia sana wakusanyaji wa miji hiyo.

Kati ya mwaka 1784 na 1890 iligongwa pia sura ya mfalme au malkia kuonyesha kuwa kodi imelipwa. Hivyo, kijiko chenye sura hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1784, hata muuzaji aape vipi.

Kipo pia kipindi kifupi ambacho simba hakuonekana. Mwishoni mwa karne ya 17 sarafu zilikuwa zikikatwa kingo na kuyeyushwa ili kupata malighafi ya vyombo, hadi serikali ikaingiwa na hofu. Kuanzia mwaka 1697 hadi 1720 kiwango cha vyombo kikapandishwa hadi takriban 958 kwa 1,000 ili sarafu zisifae tena kwa kazi hiyo, na chapa ikawa mwanamke aliyeketi, yaani Britannia.

Hapo ndipo mnunuzi mgeni hukutana na mtego wa kwanza. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kupaka fedha juu ya madini mengine kwa nguvu ya umeme. Vyombo vya aina hiyo vikajaa katika nyumba za watu wa kipato cha kati, mara nyingi vikiwa na herufi EPNS. Herufi mbili za mwisho zinataja mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli ambao, licha ya jina lake la Kiingereza, hauna fedha hata chembe.

Baya zaidi, baadhi ya watengenezaji waligonga herufi hizo ndani ya vijisanduku vilivyopangwa mstari mmoja, na kwa mbali zikafanana na chapa halali. Kanuni ni nyepesi: pasipo simba, au alama rasmi ya Scotland, Ireland au ya kiwango cha Britannia, chombo kinachodaiwa kuwa cha sterling ya visiwa hivyo kitiliwe shaka.

Kati ya vyombo vitatu vya mezani, kijiko na kisu ni vikongwe, na uma ndiye mgeni. Katika karne za kati mwalikwa alikuja karamuni na kisu chake mwenyewe, na vidole vilifanya kazi iliyobaki. Msafiri Mwingereza Thomas Coryat alipochapisha habari za safari zake mwaka 1611, alieleza kama jambo la ajabu jinsi Waitaliano walivyoishika nyama kwa uma wakati wa kuikata. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, jijini London, lina uma wa fedha wenye meno mawili uliopimwa mwaka 1632, mojawapo ya uma za mwanzo kabisa za Kiingereza zenye chapa.

Kwa sababu hiyo uma za karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18 ni adimu kuliko vijiko vya wakati huohuo. Uhaba huo umezaa udanganyifu ambao utaelezwa hapa chini.

Vijiko vinavyotajwa kwa heshima zaidi ni vile vya mitume, vilivyotolewa zawadi ya ubatizo hasa katika karne ya 16 na ya 17. Kila kimoja kina sanamu ndogo ya mtume kwenye ncha ya mpini, akiwa ameshika kitu kinachomtambulisha, kama vile Petro na ufunguo wake. Seti kamili ni mitume 12 pamoja na Kristo. Familia nyingi ziliweza kumudu kijiko kimoja tu, cha mtume ambaye mtoto alipewa jina lake, na ndiyo maana seti kamili zilizosalia zinahesabika.

Mtindo nao husaidia kukadiria umri. Katika mtindo wa Hanoverian, uliotawala sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 18, ncha ya mpini hupinda kuelekea juu, na nembo ya familia huchorwa mgongoni kwa kuwa kijiko kililazwa kifudifudi. Ulipokuja mtindo wa Old English, kuanzia miaka ya 1760, ncha ilipinda kwenda chini, kijiko kikalazwa chali na nembo ikahamia upande wa mbele. Chapa pia zilihama: hadi karibu mwaka 1780 ziligongwa chini, jirani na uso wa kijiko, na baada ya hapo zikapanda karibu na ncha.

Jina la fundi laweza kuipandisha bei maradufu. Mfano mzuri ni Hester Bateman wa London, mjane asiyejua kusoma wala kuandika, aliyesajili alama yake ya herufi HB mwaka 1761 baada ya kifo cha mumewe na kuiendesha karakana hadi mwaka 1790. Vijiko vilitoka kwake kwa wingi mno, hivyo si adimu hata kidogo, lakini wakusanyaji wengi humtafuta yeye kwanza.

Tukirejea kwenye udanganyifu, njia ya kale ni kukichukua kijiko halali cha karne ya 18, kuukata na kuusawazisha uso wake, kisha kuuchonga meno ili kiwe uma. Chapa ni za kweli, chombo ni cha uongo. Meno huwa membamba kuliko kawaida, na mlingano wa mpini na kichwa huonekana kuwa na kasoro.

Njia ya pili ni kumimina nakala katika kalibu iliyotokana na kijiko halisi. Dawa yake ni kuvipanga vijiko vyote vya seti na kuvichunguza kwa lenzi: fundi aliyegonga kwa mkono hakuweza kupiga chapa mahali pamoja mara sita, hivyo vijiko sita vyenye chapa zilizoegama vilevile na vishimo vilevile vilizaliwa kwa mama mmoja.

Kundi la tatu ni vijiko vya kawaida ambavyo katika enzi ya Malkia Victoria vilichongwa matunda usoni na kupakwa dhahabu ili vitumike kwa matunda. Hivyo havikufanywa kwa nia mbaya, lakini mkusanyaji makini huviona kama vilivyoharibiwa. Kwa sheria ya chapa ya Uingereza ya mwaka 1973, kukibadilisha chombo chenye chapa bila idhini ya ofisi ya upimaji ni kosa.

Lakini adui mkubwa kuliko mghushi ni tanuri. Januari 1980, ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wakilimbikiza fedha, bei ilikaribia dola 50 za Marekani kwa wakia, kabla ya kuporomoka Machi mwaka huohuo. Katika miezi hiyo vyombo vingi vya kale vilipimwa kwa mizani, vikalipiwa kwa uzito na kuyeyushwa. Oktoba 2025 kiwango hicho cha dola 50 kilivukwa, na swali lilelile likarudi mezani kwa kila aliyerithi sanduku la vijiko visivyo na jina kubwa. Wakia ya sonara ni gramu 31.1, visu havihesabiwi kwa uzito, kwani vishikio vingi vya fedha ni ganda jembamba lililojazwa lami au utomvu.

Ujazo huo hulainika kwa joto, hivyo visu vya kale havitumbukizwi katika maji ya moto. Mayai huufanya uso wa fedha kuwa mweusi kwa sababu ya salfa, na chumvi huitafuna, ndiyo maana vijiko vya chumvi mara nyingi hupakwa dhahabu. Kusugua kwa nguvu hufuta chapa, na chapa ikifutika thamani hufuata.

Sehemu inayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja ni vishikio vya pembe za ndovu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe la ukanda huu, zikifikishwa pwani na wapagazi waliotoka bara kupitia Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo. Pembe za Zanzibar zilikuwa miongoni mwa zilizouzwa katika minada ya London, na watengenezaji wa visu wa Sheffield walikuwa wateja wakubwa wa bidhaa hiyo.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 kuhusu pembe za ndovu, iliyoanza kutumika Juni 6, 2022, imezuia sehemu kubwa ya biashara hiyo, hata kwa vitu vya kale. Chombo kilichotengenezwa kabla ya Machi 3, 1947 chaweza kuuzwa endapo pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake na kimesajiliwa. Kisu chenye kishikio cha pembe tupu kwa kawaida huzidi kiwango hicho. Mkosaji anaweza kufungwa hadi miaka mitano.

Pembe halisi hutambulika kwa mistari inayokatizana mithili ya wavu kwenye kitako cha kishikio, tofauti na ile ya kuiga ya seluloidi ambayo mistari yake hukimbia sambamba. Aliyerithi visu vya pembe anaruhusiwa kuvitumia, kuvitoa zawadi au kuwaachia wanawe. Asichoweza, bila kupata msamaha unaotajwa katika sheria, ni kuviuza.