Nani Aliyeubana Wimbo?

Anayetafuta programu ya kugeuza faili za sauti hukuta majina chungu nzima, na mara nyingi huchagua kwa wepesi wa vitufe au kwa kasi. Historia ya MP3 inaonyesha kwamba vigezo hivyo haviugusi wimbo wenyewe. CD hubeba biti 1,411,200 kwa kila sekunde, hivyo wimbo wa dakika 4 unakula megabaiti 42 hivi. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walishiriki kuunda MP3, njia ya kuupunguza hadi chini ya megabaiti 4 kwa kutupa kile ambacho sikio halikishiki, kama sauti hafifu inayofunikwa na nyingine kubwa iliyo jirani nayo. Kanuni za kimataifa zilizochapishwa mwaka 1993 zilieleza kinaganaga namna ya kuifungua faili. Namna ya kuibana, yaani kitupwe nini na kibaki nini, ziliwaachia watengenezaji waamue wenyewe.

Uhuru huo ndio uliozaa tofauti zote zilizofuata. Programu mbili zinaweza kutoa MP3 zenye ukubwa uleule, zote zikafunguka popote, na bado moja ikawa imetupa kisichofaa kutupwa. Kisimbaji, ile sehemu ya programu inayofanya kazi ya kubana, ndicho kinachoamua. Xing kilisifiwa miaka ya 1990 kwa kasi, lakini matoleo yake ya awali yalikata kila kilichozidi hezi 16,000, na mng'ao wa matoazi ukaenda nacho. Mwaka 1998, wakati watoaji wa visimbaji vya bure wakiandikiwa barua za kudaiwa ada za hataza za MP3, Mike Cheng alianzisha LAME kama viraka tu vya kurekebisha msimbo wa mfano uliokuwa tayari umetolewa. Hata jina lake ni kifupi cha sentensi inayokana kuwa LAME ni kisimbaji cha MP3! Kufikia mwaka 2000 msimbo wote wa zamani ulikuwa umeondolewa, na wapenzi wa muziki wakaendelea kukinoa kwa kusikiliza sampuli bila kuambiwa ipi ni ipi. Naiona kazi hiyo ya kujitolea kuwa ya heshima kubwa kuliko sifa inayopewa. Utoaji wa leseni za hataza hizo ulikoma mwaka 2017, lakini hadi 2019 watumiaji wa programu ya kuhariri sauti ya Audacity kwenye Windows na Mac walilazimika kuitafuta LAME kivyao.

Atakayesema kwamba mtu wa kawaida anahitaji kitufe tu, si somo la visimbaji, ana haki ya kutaka urahisi. Lakini urahisi na ubora havigombani: programu nyingi zenye madirisha ya kupendeza ni maganda yaliyovikwa programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na FFmpeg nayo huikabidhi LAME kazi ya kubana MP3. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sikio halitambui tofauti. Kwa wimbo uliobanwa mara moja, kwa kiwango kikubwa na kisimbaji kizuri, nakubali. Tatizo ni kwamba faili haitulii. Hutoka CD ikawa MP3, ikageuzwa kuwa ya muundo wa AAC, ikabanwa tena na programu ya kutumiana ujumbe, na kila hatua hukata juu ya kilichokwisha kukatwa. Muundo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, hupunguza ukubwa bila kutupa hata biti moja, kwa hiyo nakala ya kutunza ikae humo na MP3 itolewe kutoka kwake. Kibandani, mteja anayeingiziwa nyimbo kwenye memori kadi akiahidiwa kwamba ya kilobiti 128 kwa sekunde "itasafishwa" kuwa 320, faili yake ya dakika 4 itapanda kutoka megabaiti 3.8 hadi 9.6, na matoazi yaliyotupwa mara ya kwanza hayatakuwamo.