Mtanganyika Mbele ya Tume

Mwaka 1997, habari za kondoo Dolly zilipozagaa, tume ya maadili ya tiba ya Marekani iliwaita wanazuoni wa dini waeleze msimamo wao kuhusu kunakili binadamu. Kwa upande wa Uislamu alizungumza Abdulaziz Sachedina, mzaliwa wa Tanganyika, aliyesoma Aligarh, Mashhad na Toronto. Mwaka uliofuata, Ayatollah Sistani wa Najaf alimtaka asitoe tena maoni ya kidini. Hakunyamaza. Mwaka 2009 alichapisha Islamic Biomedical Ethics. Humo anasema fatwa pekee haitoshi kando ya kitanda cha mgonjwa. Zinahitajika kanuni za kupimia uamuzi, hasa maslaha na kutodhuru. Ndipo ugomvi ulipo: nani ana haki ya kupima?