Jenereta ndogo: ipi itabeba vyombo vya kontena lako?

Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ndiko ilikojengwa mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi I na Kinyerezi II. Huo wa pili peke yake una uwezo wa megawati 240. Hata hivyo, umeme ukikatika, mwenye saluni au duka la kontena hapo hapo huwaza jenereta kama wewe msikilizaji uliye kijijini. Hapa tunalinganisha aina tatu zinazobebeka.

Kwanza, piga hesabu ya wati. Soma kibandiko nyuma ya kila chombo. Mashine mbili za kunyolea, taa tatu, feni na runinga ndogo kwa kawaida havizidi wati 250. Friji ya soda inaweza kutumia wati 200 ikishatulia, lakini inapoanza kunguruma huvuta mara tatu hadi tano ya hapo, pengine zaidi, kwa muda mfupi. Draya ya nywele hula wati 1,000 hadi 2,000.

Jenereta ya kuchanganya oili na petroli: Ni nyepesi na ya bei nafuu. Nyingi hutoa wati 600 hadi 700. Inamtosha kinyozi. Friji huenda ikaizima, na draya haiwezi kabisa. Ukikosea kipimo cha oili, injini hufa mapema.

Jenereta ya petroli yenye oili yake pembeni: Ya wati 2,000 hubeba friji, taa na feni pamoja. Ni nzito, ina kelele, na hula takriban lita moja kwa saa ikiwa na mzigo wa nusu. Oili ibadilishwe kwa wakati.

Jenereta ya inveta: Umeme wake umetulia, hivyo ni salama zaidi kwa simu, kompyuta na runinga. Mzigo ukipungua, injini hupunguza mwendo na mafuta. Bei yake ni kubwa.

Unaponunua, uliza wati za kudumu, si zile za juu kabisa zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kisha zidisha lita za saa moja kwa bei ya petroli. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kama mafuta ya siku yanazidi faida ya siku, fikiria sola kwa taa na simu.

Mwisho, usalama. Usiwashe jenereta ndani ya kontena au chumba, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Iweke nje, mbali na madirisha. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani, kwani umeme utarudi kwenye nyaya za TANESCO na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Izime na uiache ipoe kabla ya kuongeza petroli.