Masafa ya Wote Huhitaji Maelewano

Kampuni za intaneti isiyotumia nyaya katika miji kama Kitale na Bungoma zinapotumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5, hakuna inayoweza kudai kuyamiliki peke yake. Marekani ilianza kuyafungua masafa ya aina hii mwaka wa 1985, kwa sharti kwamba mtumiaji asidai kinga dhidi ya mwingiliano.

Katika gigahezi 2.4, chaneli zisizopishana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kampuni moja ikiongeza nguvu za mitambo yake, jirani naye huongeza. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa ni wateja.

Dawa ni kupima mawimbi yaliyopo kabla ya kusimika antena, kuchagua chaneli nyembamba, kuelekeza mawimbi kwa mteja pekee na kupunguza nguvu. Antena iliyo juu ya kilima kama Chetambe, karibu na Webuye, hufika mbali lakini pia huvuruga mbali. Hivyo majirani hawana budi kugawana chaneli kwa maafikiano. Kwa huduma isiyostahili kukatika, kama ya hospitali, ni heri kuomba masafa yenye leseni kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.